Hema Jeupe Bomani kwa Mama

Aliyeiba hema langu hakuwa na haraka, na hapo ndipo hofu yangu ilipoanzia. Aling'oa vigingi kimoja kimoja, akakunja kitambaa, akachukua begi langu la mgongoni, mifuko ya kulalia, jiko la gesi, hata soksi nilizokuwa nimeanika kwenye kamba. Mimi na wageni wangu wawili, mume na mkewe, tulikuwa tumeteremka kijitoni kuchota maji, mchana kweupe. Tuliporudi tulikuta nyasi zimelala mahali hema liliposimama, basi. Maana yake mtu huyo alikuwa ameketi mahali karibu akituangalia, akingoja tuondoke. Na kule kijitoni nilikuwa nikiimba, haki ya Mungu, kwa sauti kubwa kama niko arusini. Alinisikiliza.

Kazi yangu ni kupandisha watu Mlima Elgon. Naishi Kitale, nawachukua wageni, nawapikia, nawalaza, nawarudisha wakiwa wazima. Siku hiyo niliwarudisha wazima kwa neema tu. Mvua ya mawe ilitukuta juu ya msitu wa mianzi hatuna hata turubai, tukashuka hadi Kapsokwony tumelowa chapachapa, wale wageni wakitetemeka hadi hawawezi kuzungumza, nami nyuma yao nageuka kila mara kuangalia kwenye mianzi. Sikumwona mtu. Ningemwona, nadhani ningepata nafuu. Mtu unayemwona unaweza kumtukana.

Nilirudi Kitale na hofu ikaja nami. Mimi si mwoga, waulize watu. Nimewahi kumfukuza fahali wa jirani kwa kandambili. Lakini sasa mtu akikohoa uani, nainuka kukagua kufuli la mlango. Nachagua nyanya sokoni, mara nageuka ghafla kama niliyeitwa, na muuza nyanya ananiuliza, mama, kuna nini? Hakuna kitu. Mwenzangu mmoja wa kazi hii alinipigia simu kunituliza, akaniambia ati uoga wako ndio umaskini wako. Nikamwambia akalale yeye kule juu, ukuta wake ukiwa kitambaa na mlango wake zipu, kisha arudi aniletee methali. Nikakata simu.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimebakiwa na siku chache tu za kuamua. Kikundi cha walimu kutoka eneo la Kwanza kilikuwa kimeniomba niwapandishe Jumamosi, wao wakija na mahema yao, na katika kazi yetu ukikataa mara moja kwa sababu ya woga, habari inafika Kapsokwony kabla yako, na simu yako hailii tena. Mama yangu, anayeishi nje kidogo ya mji wa Bungoma na kuuza mboga za kienyeji sokoni, alitaka nikatae. Alikuwa ameshanitafutia hadi kibanda cha kukaangia chapati karibu na meza yake. Aliniambia chapati haziibwi. Nikamwambia katika nchi hii hakuna kinachoibwa kama chapati. Tulicheka, ila nilikuwa nimeshaanza kukiwazia kile kibanda: mimi nyuma ya moto, mgongo wangu umeegemea ukuta wa mawe, hakuna anayeweza kunijia kwa nyuma. Kilinipendeza kuliko nilivyotaka kukubali.

Nilianza kutafuta hema Kimilili, siku ya soko, kwenye mabegi ya mitumba. Sikukaa. Kila muuzaji aliyekuwa na begi la mgongoni nilimwona kuwa ni yeye, na kila rundo niliogopa kulifunua nisije nikalikuta hema langu mwenyewe. Ningefanya nini? Ukitamka neno mwizi sokoni, watu hawaulizi mara mbili, na huenda maskini yule amelinunua tu kwa mtu mwingine. Niliondoka bila kugusa kitu, nikitembea haraka kama mimi ndiye niliyeiba.

Ndipo nikaenda dukani. Pale Kitale kuna mzee mmoja Singasinga ambaye babu yake na baba yake waliuza turubai za kufunika mahindi, naye ameongeza mahema machache kwa ajili ya watu kama sisi. Nikiingia huniuliza, sasa, mama wa mlima? Nami humjibu kwamba mlima bado upo. Siku hiyo nilimweleza yaliyonipata, akasikiliza huku akifuta miwani kwa ncha ya shati, kisha akaenda nyuma akaleta mahema matatu. Aliyasimamisha sakafuni kati ya majembe na mapipa, moja baada ya jingine, akaniambia nivue viatu niingie.

La kwanza lilikuwa la kijani, kitambaa chake kigumu kama koti la askari. Nililala ndani, nikafunga zipu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile nilihisi nimefungiwa kweli. Nikamwambia kutoka humo humo kwamba nachukua hili. Akaniambia nitoke kwanza, nilibebe. Nikalibeba. Goti langu la kushoto, ambalo halipendi miteremko, lilianza kulalamika pale pale dukani, na hapo sijaweka sufuria wala unga wa wageni.

"Hema si ukuta, mama," akasema. "Ukitaka ukuta, pale ng'ambo wanauza matofali."

Niliudhika, kwa sababu alikuwa amenisoma. Yale mengine mawili yalikuwa ya aina moja, mepesi, kila moja unaliinua kwa mkono mmoja kama mkate. Kitambaa chembamba, fito za alumini zinazoingiana, milango miwili. Milango miwili niliipenda sana: wakija huku, natoka kule. Nililala ndani nikafungua huku, nikafungua kule, nikarudia, mzee akiniangalia. Ila ukiwa ndani uliona kivuli cha kila mtu aliyepita dukani. Nilimwuliza kama hana jepesi ambalo halipitishi vivuli. Akasema lipo, ni lile la kijani.

Ikabaki rangi. Moja lilikuwa la rangi ya karoti, jingine jeupe kama maziwa. Mzee alinishauri nichukue la karoti, ati nikivunjika mguu huko juu watu wanione kutoka mbali. Kuonwa! Hicho ndicho nilichokuwa nakikimbia. Katika ukungu wa Elgon hema jeupe linapotea kabisa. Ukisogea kidogo tu hujui kama pana kitu. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi nilikuwa nanunua kwa mshtuko huo huo. Nilichukua jeupe. Alinifungia, akanishauri nilisimamishe kwanza nyumbani nilimwagie maji, niangalie mishono, maana hema likivuja ni bora livuje ukiwa karibu na jiko lako.

Nyumbani kwangu ni chumba cha ghorofani, na uani ni saruji tupu, kigingi hakiingii. Zaidi ya hayo sikutaka jicho lolote la mtaani lijue nina hema jipya. Basi nikaenda Bungoma, kwa mama.

Nilifika asubuhi, yeye ameshaenda sokoni. Boma letu liko bondeni, chini ya barabara. Anayepita juu anaona paa, migomba, na nyasi zilizo mbele ya nyumba. Nililisimamisha hapo kwenye nyasi kwa sababu ndipo palipo tambarare. Nikalimwagia ndoo nzima ya maji, nikapapasa mishono yote kwa ndani, ilikuwa mikavu. Kazi ilikuwa imekwisha, ningelikunja nikajipikie chai. Lakini nilijiambia, wee, kama huwezi kulala humu mchana, kwa mama yako, utalala vipi kule juu Jumamosi? Nikaingia, nikafunga zipu zote mbili, nikalala chali, mikono kifuani, nikafumba macho.

Mwanzoni ilikwenda vizuri. Nilisikia majani ya migomba, kuku, pikipiki barabarani. Pikipiki moja ilisimama kidogo, kisha ikaondoka kwa kasi. Sikuijali. Nafikiri hata nilisinzia.

Kilichoniamsha ni nyayo kwenye nyasi. Zilikuwa za polepole, za mtu anayechagua pa kukanyaga. Zikasimama. Kivuli kikaanguka kwenye kitambaa upande wa miguu yangu, kirefu, hakisogei. Kisha kingine upande wa kichwa. Halafu nyayo nyingine, na nyingine, na minong'ono, na hakuna aliyepiga hodi. Kwetu mtu mwema hupiga hodi. Nilijua wamenifuata. Wamenifuata kutoka mlimani hadi Kitale, kutoka dukani hadi kwa mama yangu. Nilitaka kupiga kelele, sauti ikakataa. Mlango wa huku vivuli, mlango wa kule vivuli. Nilikauka pale chali, nikawaza kwamba wakiingia nitawaambia wachukue kila kitu, hema, simu, viatu, waniache tu. Sijawahi kuogopa hivyo maishani, na siombi tena.

Ndipo sauti ya mwanamke ikasema taratibu, "Wamemlaza chini tu, maskini." Na mwingine akaangua kilio.

Nilikijua kile kilio. Kilikuwa cha jirani yetu, mama wa mapacha, ambaye kwa kulia matanga hana mpinzani kuanzia hapo hadi Kimilili. Hofu ya kwanza ilinitoka, ikaingia nyingine mbaya zaidi, kwa sababu sasa nilielewa. Kwetu tenti nyeupe ikisimama mbele ya nyumba, hakuna anayeuliza ni ya nini. Kuna maiti. Anayeiona kutoka barabarani hageuki kuulizia. Anaenda kuchukua sukari, kuni, viti vya kanisa, na anakuja. Mimi nimezaliwa hapo, nimebeba viti hivyo tangu nikiwa msichana, na jambo hilo halikunijia akilini hata kidogo. Nilikuwa nawaza wezi tu.

Nikafungua zipu, nikatoa kichwa. Mama wa mapacha alitupa kuni zake zote akakimbilia kwenye migomba. Mzee wa kanisa, aliyekuwa amebeba viti vya plastiki, alikalia kimoja bila kukusudia na vingine vikamwangukia. Wengine walikemea kwa jina la Yesu. Niliwaambia ni mimi, mzima, na hili ni hema la mlimani, nalijaribu tu. Kisha mmoja akacheka, halafu wote, kile kicheko cha watu waliokuwa wameogopa, nami nikacheka nao. Kisha nikauliza ni nani amempelekea mama habari.

Mama wa mapacha ndiye aliyesema, kutoka kule kule kwenye migomba, kwamba yule wa pikipiki alipoona tenti alienda moja kwa moja sokoni kumchukua mama.

Mama ana presha. Kila anapopokea simu ya ghafla hukaa chini kwanza. Nilimpigia, simu ikalia mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Kisha nikakimbia kupanda njia ya kwenda barabarani, bila viatu, na nikikimbia nilikuwa nasema kwa sauti, sijui kwa nani, kwamba nimemuua mama. Nimemuua kwa sababu ya rangi ya kitambaa.

Tulikutana katikati ya njia. Alikuwa ameshushwa barabarani, anateremka kwa miguu, leso ameitoa kichwani na kuifunga kiunoni, mikono ameiweka kichwani. Hakuwa akilia. Aliniona akasimama, lakini hakunikimbilia. Aliniangalia tu, usoni, miguuni, usoni tena, kama mtu anayeogopa kuamini mapema. Kisha akakaa chini pale pale kwenye vumbi. Nikakaa karibu naye nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, na mapigo yake yalikuwa yanakimbia hata nikashindwa kuyafuata. Nilimwambia ni hema tu, mama, ni hema tu. Nililisema hilo mara nyingi, kama mjinga.

Tulikaa hapo hadi mkono wake ukapata joto. Kule chini majirani walikuwa wameshawasha moto, maana sukari imekuja na kuni zimekuja, chai lazima inywewe. Tulisikia wakisimuliana jinsi nilivyotoa kichwa, na vicheko vikipanda upya. Mama hakucheka.

"Siku babako alipokufa hakuna aliyeniambia," akasema. "Nilikuwa natoka sokoni, nikaona tenti kutoka pale juu. Nikaanza kuwahesabu nyinyi watoto, mmoja mmoja, ni nani. Babako sikumhesabu. Hakuwa mgonjwa."

Nilikuwa shule ya bweni wakati huo. Miaka yote hii sikuwahi kumwuliza alipataje habari. Nilidhani aliambiwa, kama nilivyoambiwa mimi, na mtu aliyemkalisha kwanza kwenye kiti.

Nikamwuliza leo je, alimhesabu nani.

"Leo sikuhesabu," akasema. "Nilijua ni wewe."

Muda wote huo nilikuwa nimeukumbatia woga wangu, nauzungusha mjini kama mtoto mgonjwa, na sikujua kwamba kila ninapopanda mlima, kuna mtu anayetoka sokoni akiogopa kufika pale barabarani na kuangalia chini. Niliona aibu, na nilimwonea huruma. Nikamwambia basi, nimeacha. Nitawapigia simu walimu wa Kwanza hivi sasa, wamtafute mtu mwingine, nami nitakaanga chapati. Nilimaanisha kabisa. Simu ilikuwa mkononi.

Mama alifungua leso kiunoni, akaikung'uta vumbi, akaifunga tena kichwani bila haraka. Nilidhani atafurahi.

"Chapati zako ni ngumu," akasema. "Nenda kazini. Lakini hilo jeupe sitaki kuliona tena hapa. Chukua la rangi nyingine."

Kesho yake nililirudisha Kitale. Mzee Singasinga aliniuliza kama linavuja. Nikamwambia halivuji, ila nusura liniulie mtu, nikamsimulia. Nilitegemea atanitania, lakini alilipokea hivyo hivyo na udongo wa Bungoma kwenye vigingi, akaniletea la rangi ya karoti. Nilililaza mezani nikalitazama. Niliona jinsi litakavyowaka kule juu kwenye nyasi, na jinsi litakavyoonekana na yeyote atakayekuwa ameketi mahali akingoja tuondoke. Hofu haikuwa imepungua hata chembe, na sitawadanganya watu kwamba ilipungua baadaye.

Ijumaa nilipitia Bungoma. Nilikuwa nimekusudia kumsalimia mama tu na kuendelea na safari ya Kapsokwony, lakini aliniambia nilisimamishe hema, pale pale mbele ya nyumba. Nikapiga vigingi, yeye amesimama kando, mikono ameikunja kifuani. Nilipomaliza aligeuka akaanza kupanda njia ya kwenda barabarani, polepole, akipumzika na kuendelea. Nilitaka kumfuata, akaniashiria nibaki.

Alipofika juu alisimama, akageuka, akaangalia chini kwenye boma lake. Aliangalia kwa muda mrefu. Mimi nilitoka nyuma ya hema, nikaenda kusimama upande wa barabarani, mahali pasipo na migomba, ili anione.